Tulia! Sawa, ila mzigo umeshatuliwa?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo karibu kila mtu ameshaambiwa wakati halimsaidii kabisa, nalo ni tulia. Umepoteza simu, unapekua mifuko, moyo unadunda, afu mtu kakaa pembeni na soda yake anakwambia "we tulia bwana", na badala ya kutulia ndo unapandwa na hasira upya, sasa unazo mbili, ya simu na ya huyo mwenye soda.

Mi huwa nachokonoa maneno, ni ugonjwa wangu, na hili nimelichokonoa muda mrefu maana naona tunalitumia kutwa nzima bila kulitazama usoni. Tunalitumia kana kwamba maana yake ni kunyamaza, au kukaa kimya, au kutokuwa na stresi. Ukilipasua ndani hukuti kimya wala stresi. Unakuta mzigo.

Anza na tua. Ndege inatua uwanjani, jua linatua, nzi katua kwenye sahani, mwenye gunia kalitua chini. Huyo tua ndo mzazi wa tulia, ni mnyambuliko uleule wa fua na fulia, chukua na chukulia, kaa na kalia. Kwahiyo kwa asili yake kutulia ni kutua mahali, kutua hapo na kubaki hapo. Ndege anaweza kutua tawini akaruka papo hapo, ila ukisema katulia ujue hana mpango wa kuondoka sa hivi. Kutoka hapo ukoo unatanuka: tuliza, yaani kumfanya mwingine atulie, tulizana, kitulizo, tulivu yenye ile -vu ya sikivu na vumilivu, mwisho utulivu wenyewe, na pembeni kuna tuli, kama kwenye "ametulia tuli kama maji mtungini". Na kituo, usimsahau kituo, yuko kila kona, kituo cha basi, kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha kupigia kura, wote hao kwa asili ni mahali pa kutua. Wazee wakikwambia mtu fulani "hana kituo" hawamaanishi hana stendi, wanamaanisha hatulii, leo yuko hapa kesho kule, moyo wake hauna pa kushukia.

Sasa kuna kaulimbiu ambayo aliyeishi Tanzania miaka hii lazima ameisikia mpaka ameizoea, ile ya miradi ya maji vijijini, "kumtua mama ndoo kichwani". Viongozi wanaisema, mabango yanaisema, na kwa kuwa imekuwa ya kisiasa watu hawaisikii tena. Mi naomba uisikie tena kidogo, kwa masikio ya sarufi. Hawajasema kuitua ndoo. Wamesema kumtua mama. Anayetuliwa ni mtu! Ndoo inafuata nyuma, kichwani inafuata nyuma zaidi, kitenzi kimeshika mtu kwanza. Na si kwamba wanasiasa wamebuni, ndivyo lugha ilivyo toka zamani, mtu akifika nyumbani na ndoo kichwani anaita "jamani njooni mnitue", hasemi "njooni muitue ndoo". Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji bado hujahesabu ndoo yenyewe, shingo ishakakamaa, ngata imeteleza upande, ukijaribu kuitua peke yako nusu ya maji yatakuogesha. Kwahiyo unaita. Mtu anakuja, anashika upande huu we unashika ule, mnashusha taratibu, halafu ile pumzi unayoishusha baada ya hapo, ile ndo asili ya neno utulivu. Sijui kama kuna maelezo mazuri kuliko hayo, mi nimetafuta sijapata.

Na kama kuna kutua lazima kuna kutwika. Hapa ndo pananifurahisha kuliko sehemu zote maana ndo unaona namna lugha ilivyofungwa vizuri. Weka haya maneno mawili mawili: funika na funua, anika na anua, tandika na tandua, ezeka na ezua. Unafunika sufuria unafunua sufuria, unaanika nguo unaanua nguo, unatandika kitanda unatandua, unaezeka nyumba upepo unakuja unaezua. Umeona mchezo? Upande mmoja una -ika au -eka, unaweka kitu mahali, upande wa pili una -ua, unatengua ulichokiweka. Haya, sasa weka twika na tua hapo kwenye foleni. Tw-ika, tu-ua, zile u mbili zikashikana zikawa moja, tua. Kwahiyo tua si kitenzi kinachojitegemea kivyake, ni kitenzi cha kutengua. Ni kinyume cha kutwikwa. Maana yake ni kwamba, kwa mantiki ya lugha yenyewe, huwezi kutua kama hukutwikwa, kama ambavyo huwezi kuanua nguo ambazo hukuanika.

Kaa na hiyo kidogo. Watu wengi wakiota utulivu wanaota maisha ambayo hayajawahi kuwa na shida yoyote, ufukweni, upepo, hakuna anayekudai. Lugha yetu haikuota hivyo. Utulivu wa Kiswahili ni wa mtu aliyekuwa na kitu kichwani. Hata ule msemo wa "amejitwika jukumu", au "ametwishwa mzigo wa familia", ni nusu ya kwanza ya sentensi ambayo nusu yake ya pili ni katulia.

Mabaharia nao wana ya kwao. Chomboni unatweka tanga ukitaka kwenda na unatua tanga ukitaka kusimama, tweka ni kupandisha juu, bendera pia inatwekwa. Kwahiyo nchi kavu ni kichwa na ndoo, baharini ni mlingoti na tanga, na kote kote kile kinachoshuka ndo kinaleta utulivu. Bahari yenyewe ikitulia ina neno lake jingine zuri sana, shwari, ambalo limehama majini likaingia kwenye salamu, "mambo shwari", na tangu 2012 Wakenya wanalijua pia kama jina la huduma ya kukopa na kuweka akiba kwenye simu, M-Shwari. Sina hakika kama mtu anayedaiwa mkopo anajisikia shwari ila hiyo si mada yetu.

Turudi kwenye tua na tulia maana kuna swali ambalo mwanafunzi mjanja lazima aulize: hiyo L imetoka wapi? Tua haina L, tulia inayo. Chukua haina, chukulia inayo. Walimu wengi wanakwambia tu "ni kanuni" na kuendelea na ubao. Ukweli ni kwamba hiyo L haijaingia, ilikuwepo. Kiswahili zamani kilikuwa na L katikati ya irabu kikaiacha idondoke njiani. Ukitaka kuona angalia majirani: sisi tunasema mvua, Wachewa wanasema mvula, Wazulu wanasema imvula. Sisi njaa, kwa Kilingala ni nzala, Kinyarwanda inzara, Kizulu indlala. Sisi makaa, Kilingala makala, Kinyarwanda amakara. Pale kwetu palipo na tundu wenzetu wana L au R. Kwahiyo tua ilikuwa kitu kama tuula, ikapoteza L yake, ila kwenye tulia L ikajificha nyuma ya ile -ia na haikudondoka. Watu kama Mjerumani Carl Meinhof, aliyechapisha kazi yake ya sauti za lugha za Kibantu 1899, na baadaye Mwingereza Malcolm Guthrie, walitumia maisha yao kupanga vitu kama hivi kwenye safu, lugha kwa lugha. Mi nasema bibi yeyote aliyeishi mpakani alishavijua bila safu.

Na ukishajua kwamba tua ni tuula, milango inafunguka. Waganda wakikwambia tuula wanakukaribisha ukae chini. Kinyankole, cha hukohuko Uganda, okutuura ni kuishi mahali, mtu akitaka kujua unakoishi anauliza kwa kitenzi hicho. Kinyarwanda gutura ni kukaa mahali, kufanya makazi, na pia gutura ni kutoa sadaka, kuweka mbele ya mwingine, sadaka za kanisani zinaitwa amaturo, na mkutano ukienda bila fujo wanasema umeenda mu mutuzo, kwa utulivu. Wazulu wana ethwala, kubeba kichwani, na ethula, kushusha kutoka kichwani, na ethula hiyohiyo ndo wanayotumia mtu akiwasilisha hotuba, yaani hotuba nayo ni mzigo umebebwa umeletwa umewekwa mbele ya watu, na kwa hotuba zingine nakubali kabisa. Na Malawi, hii ndo niliipenda kuliko zote, mtu akijiuzulu cheo kwa Kichewa wanasema katula pansi udindo, kautua chini wadhifa. Hebu fikiria taarifa ya habari inakwambia waziri kautua wadhifa chini, hata ukali wa habari unapungua.

Sisi tukitaka kusema mtu kaacha kazi au kashindwa tunasema kabwaga manyanga, na hapa kuna tofauti ndogo isiyofaa kupotezwa. Kubwaga na kutua vyote ni kuondoa mzigo mwilini ila kubwaga ni kuutupa, puu, liwalo na liwe, kutua ni kuushusha kwa adabu ukijua kesho utauhitaji. Hata kwenye ushairi maneno haya mawili yamekaa jirani, mshororo wa mwisho wa ubeti unaitwa kituo, na kama unarudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo. Mshairi katembea na vina vyake mishororo mitatu, wa nne anatua. Ubeti unaofuata anajitwika tena.

Na jina la Bagamoyo je? Wanasema ni bwaga moyo. Wapo wanaosema ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka bara na pembe za ndovu begani, mzigo wa frasila mbili hivi ambayo ni karibu kilo 32, wakiiona bahari wanaubwaga moyo kwa furaha kwamba wamefika. Wapo wanaosema hapana, ni watumwa, waliofikishwa pale wakajua nyumbani ndo basi, wakaiacha mioyo yao upande huu wa maji. Ubishi haujaisha. Ninachokiona mi ni kwamba neno moja la kushusha mzigo limebeba mambo mawili yanayopingana kabisa, kupumua na kukata tamaa, na kwa nje mtu aliyepumua na mtu aliyekata tamaa wanaweza kufanana sana, wote wamekaa kimya.

Ndo maana sipendi tunapochanganya utulivu na kimya. Mtu aliyenyamaza anaweza kuwa na ndoo tatu kichwani.

Haya, tuone na wale wageni waliokuja na jahazi wakawa wenyeji. Amani ni ya Kiarabu na kule asili yake ni usalama, kuwa na hakika, ndo maana ndugu zake ni amini, imani na amana, ile amana unayomwachia mtu akutunzie. Kwahiyo amani ni kitu cha kuaminiana, kinahitaji watu wawili au nchi mbili. Hapo ndo utaelewa kwa nini kwenye hotuba tunasikia "amani na utulivu" pamoja, hayo si maneno mawili ya kitu kimoja kama wengi tunavyodhani, moja linauliza kama unamwamini jirani yako na jingine linauliza kama umeshusha mzigo wako, na inawezekana kabisa ukawa na moja bila jingine. Nchi inaweza isiwe na risasi hata moja na watu wake bado wamejitwika mpaka shingo zinauma.

Raha na starehe nazo ni ndugu wa damu, Kiarabu tena, zote zimetoka kwenye kupumzika, ingawa starehe imekuja kupata sifa mbaya kidogo mjini. Ila kuna familia nyingine ya Kiarabu inayonishangaza kwa sababu imefanya kitu kilekile ilichofanya tua ya Kibantu bila kuambiana. Kwa Kiarabu kitenzi sakana ni kutulia, kukoma kutikisika, na pia ni kuishi mahali. Kitenzi kimoja! Kutoka hapo kuna sakina, utulivu wa moyo, ambalo tunalo kama jina la dada zetu wengi, na kuna maskani, makazi, ambapo kwetu imekuwa hata kijiwe cha vijana, "tupo maskani". Waliosoma chuoni, madrasa namaanisha, wanaikumbuka pia sukuni, kile kiduara kidogo juu ya herufi isiyo na irabu, herufi imetulia, haiendi a wala i wala u. Sasa linganisha, Mnyarwanda anatura, anaishi mahali na umutuzo uko karibu yake, Mwarabu anaishi maskani na sakina iko karibu yake. Watu wa misitu na maziwa, na watu wa jangwa, wote waliona kwamba mwenye kutulia ni yule aliyepata pa kukaa. (Msije mkaniongezea na maskini kwenye hiyo familia, najua linafanana, lakini lile limesafiri kutoka mbali zaidi, kwenye Kiakadi cha Mesopotamia ya kale, mushkenu, mtu wa tabaka la chini. Waarabu wenyewe walilipokea.)

Kuna watu wengine walioona utulivu kupitia joto na baridi. Kiswahili kina poa, na kabla haijawa jibu la "mambo" poa ilikuwa ni kupungua moto, chai imepoa. Nayo imedondosha L yake kama tua, ilikuwa pola, ukitaka kuiona L bado imebaki kwenye pole, polepole, na upole. Waganda wanasema mpola mpola, Washona wanasema pora kwa kidonda kilichopona, na Wanyarwanda, kwa sauti zao, P ikawa H na L ikawa R, wakapata amahoro, neno lao la amani, ambalo mtu wa mbali hawezi kudhani ni ndugu wa chai iliyopoa. Kiarabu nacho kimetupa burudika na burudani kutoka kwenye baridi. Kwa watu wa huku kwenye jua kali naona ni haki kabisa, kitu kizuri ni kile kinachopunguza joto.

Halafu nenda Ulaya ukute kinyume. Neno la Kiingereza calm, na calme la Wafaransa, na calma ya Waitaliano na Waspanyola, mwisho wake wa kurudi nyuma ni neno la Kigiriki kauma, yaani joto kali, joto la kuunguza, kutoka kitenzi cha kuchoma. Maelezo yanayokubalika ni kwamba lilipita Kilatini likiwa joto, afu taratibu likawa ule muda wa mchana ambao joto limezidi mpaka upepo umekufa, wanyama wamejilaza kivulini, watu wameacha kazi, hakuna kinachotikisika. Kutoka "joto" likawa "pumziko la wakati wa joto" mpaka likawa utulivu mtupu. Kwahiyo Mzungu anapokwambia uwe calm, ukifukua, anakwambia uwe kama saa saba mchana. Mi nakaa upande wa ndoo, kunradhi, huko kwa Wagiriki mtu ametulia kwa sababu jua limemshinda, huku kwetu katulia kwa sababu kuna mtu amekuja kumshika mkono.

Na sarufi yetu inalijua hilo. Jiulize kwa nini hatusemi "natulia" tukitaka kusema hali tuliyonayo, tunasema "nimetulia". Kama nimekaa, nimesimama, nimeshiba, nimechoka. Hiyo -me- inasema kitendo kimeshafanyika na matokeo yake ndo haya unayoyaona. Natulia ni ahadi, au ni kujitetea mbele ya mama mwenye mwiko. Nimetulia ni ripoti ya kitu kilichokwisha kutendeka. Kwahiyo ukimuuliza mtu "umetulia?" kwa kweli unamuuliza kama ile kazi ya kushusha imekwisha, na hapo ndo tatizo la yule mwenye soda linajitokeza vizuri, kwa sababu anadai matokeo wakati kitendo hakijafanyika na yeye mwenyewe hajanyanyua hata kidole kukishika kile kinachotakiwa kushushwa. Mtu aliyetwikwa hahitaji kuambiwa tulia, anahitaji kutuliwa. Herufi chache tu zimehama ila kazi yote imehamia kwa mwingine.

Ndo maana tuliza imekuwa na maisha marefu kuliko tulia kwenye kazi za watu. Nesi anatoa dawa ya kutuliza maumivu, hakuna anayeyaambia maumivu "tulieni". Mchezaji mzuri anatuliza mpira kifuani, ulikuwa angani kaushusha mpaka mguuni, tua tupu hiyo, na hapo ndo ilipotoka "tuliza boli" ya mitaani. Kuna "tuliza mshono", kuna "tuliza munkari". Polisi wa Tanzania wana Kikosi cha Kutuliza Ghasia, wengi tunakijua kama FFU, jina ambalo mtu aliyelisoma tu anaweza kudhani wanakuja na maji ya kunywa na maneno mazuri. Niseme tu kwamba mabomu ya machozi hayajawahi kumtua mtu kitu chochote kichwani.

Vijana nao wameligeuza, na kwa maoni yangu wamelifanyia haki kuliko wanasiasa. Wimbo umetulia, pamba zimetulia, mchoro umetulia. Maana yake kila kitu kimekaa pake, hakuna kilichozidi, hakuna kinachoning'inia. Na mtu katulia maana yake kaacha kuhangaika huku na huku, kajua kwake. Hiyo ni kituo ile ile ya wazee imerudi na raba nyeupe. Ila pia kuna "tulia kama unanyolewa", na ile ya utani wa mashabiki wa mpira timu yako ikifungwa, "tulia dawa ikuingie", ambazo zote mbili zina mtu amekushika na wewe huna la kufanya, wembe uko kichwani au sindano iko mwilini, na nikiziangalia hizo naona tulia inaweza pia kuwa neno la mwenye nguvu akimwambia asiye na nguvu. Mtoto anaambiwa, mwanamke anaambiwa sana, mpangaji anaambiwa. Bosi haambiwi tulia. Bosi anaombwa apumzike kidogo.

Amebaki mtoto mmoja wa tua ambaye watu wanamchanganya na tulia, naye ni tuama. Ile -ama ya mwisho ni ya kukaa kwenye hali, ipo kwenye simama, inama, kwama, andama. Kwahiyo tuama ni kutua ukashikamana na pale ulipotua. Maji machafu ukiyaacha kwenye ndoo usiku, tope linatuama chini, juu yanabaki masafi, hapo tuama ni nzuri kabisa. Lakini ndo huyohuyo wa maji yaliyotuama, yale ya kwenye vifuu na matairi na mitaro iliyoziba, ambayo watu wa afya kila msimu wa mvua wanatuambia tuyamwage kwa sababu ndimo mbu wanamotaga. Ukiyatazama maji hayo kwa macho tu utasema yametulia, hayana wimbi, hayana kelele, yanang'aa hata mawingu unayaona ndani. Lakini jaribu kumwambia mtu "maji yaliyotulia yanazaa mbu" uone atakavyokutazama. Sikio linakataa. Atakurekebisha palepale, yaliyotuama, na akiulizwa tofauti ni nini hawezi kukwambia, anajua tu.